Taa Nyekundu ya Bi Tahadhari

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Huenda redio mnayoisikiliza iliwahi kupita mikononi mwa mtu tunayemkumbuka leo. Alikuwa fundi wa redio na simu, na alizikwa juzi. Mtaa mzima ulimwita Bi Tahadhari, maana alikuwa mwoga. Naam, mwoga. Lifti hakupanda. Kwenye ngazi alishika ukuta. Radi ikipiga, alichomoa kila waya dukani na kujikunyata chini ya meza, koleo mkononi.

"Tulimcheka sana," alituambia mdogo wake wa kiume, mchimba visima. "Hata chai iliyopoa aliipuliza."

Siku moja kicheko kikakatika.

Mdogo wake alikuwa chini kisimani, akichimba. Kiunoni alining'iniza kipima hewa, kidude kinacholia hewa ikichafuka. Hewa ikachafuka, nacho kimya. Betri ilikuwa imekufa bila mtu kujua. Nasema tena, wasikilizaji: kidude kile kikinyamaza, ama hewa ni salama, ama betri imekufa. Ukimya ni uleule.

Wenzake walimtoa amelegea, midomo imebadilika rangi. Alizinduka hospitalini na kumkuta dada yake amemng'ang'ania mguu, kana kwamba atadondoka tena.

"Hicho kidude kiko wapi?" dada aliuliza. "Nileteeni."

Alikifungua mezani pake. Akaongeza vipuri vya redio: transista mbili, yaani swichi ndogo za umeme, diodi ya zena ya kupimia kiwango cha nguvu, rezista chache na kitaa chekundu. Jambo lenyewe rahisi. Betri ikiwa na nguvu, transista ya kwanza inaizuia ya pili, na kitaa hakiwaki. Nguvu ikishuka chini ya kiwango fulani, ya kwanza inaachia, ya pili inapitisha umeme, kitaa kinawaka. Kiwango alikipanga juu kidogo, ili betri ibakize nguvu za kumtosha mtu kutoka.

Akakijaribu kwa betri dhaifu, na mezani kikawaka. Mdogo wake akanyoosha mkono.

"Toa mkono!" alifoka. "Mezani hafi mtu. Nitashuka nacho mimi kwanza."

"Wewe, dada? Unayeogopa ngazi?"

"Mimi, ndiyo. Shika kamba, acha maneno."

Wakapuliza hewa safi kisimani kwa feni. Bi Tahadhari akatia betri iliyokaribia kuisha, akafungwa kamba, akashuka. Mdomo wa kisima ukawa mdogo kama sahani. Unyevu ukamtambaa shingoni. Akasubiri. Kitaa hakiwaki. Akaanza kuitilia shaka kila waya aliouchomelea. Je, kama maji yameingia? Je, kama betri imeshakufa, na kitaa kimekufa nayo? Akakikumbatia kidude kifuani, macho yamekodoka.

Kikawaka. Chekundu.

"Nivute! Mwana wa mama, nivute!"

Alipofika juu, alikaa kwenye udongo, akatapika, akafuta mdomo, akamkabidhi kidude mdogo wake. "Haya. Sasa chukua."

Wachimbaji wengine wakamletea vyao. Wote akawawekea kitaa. Ila hofu haikumwacha. Mdogo wake akishuka kisimani, dada alimpigia simu mshika kamba mpaka simu ikawa haipokelewi. Wiki iliyopita, mchana kweupe, moyo wake ulisimama akiwa dukani. Mdogo wake alikuwa kisimani. Alipanda salama, ndipo akapewa habari.

Makaburini waombolezaji walimsifu Bi Tahadhari kuwa jasiri. Mdogo wake akakataa.

"Msimsingizie," alisema. "Siku ile kamba niliishika mimi. Alitetemeka mpaka mikono yangu ikatetemeka. Aliogopa, na akashuka."

Kwa mdogo wake, kwa watoto wa marehemu, na kwa wachimbaji wote aliowahangaikia, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awape subira.

Nasi tuliobaki, wapendwa, tujiulize. Yupo mtu wako aliyekwenda leo kwenye kazi ya hatari, akitegemea kidude fulani. Kikinyamaza, utajuaje kama ni salama?