Wepukhulu Hatutamtoa

Mgeni rasmi, Daktari Ligaya Macaraeg kutoka Manila. Bwana Kiragu, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Wakazi wenzetu wa mitaa ya Lindi na Kawangware: karibuni. Tumekaa hapa uani pa kanisa kwa sababu ukumbi umefungwa. Kwa nini umefungwa, tutasema bila kuficha.

TULIKOTOKA
Mgeni rasmi, wewe ndiwe uliyetueleza kwa simu jinsi Wafilipino wanavyoichunguza miaka ya sheria ya kijeshi kwao. Wanafunzi huwahoji nyanya zao. Majina ya waliouawa yamechongwa ukutani. Na bado wapo wanaoapa kwamba zile zilikuwa siku za neema. Ukatuambia tusianze na rais, tuanze na mtu mmoja na siku aliyochukuliwa.

Mama Nafuna, muuza mboga wa Lindi, alianza na marehemu mumewe, Wepukhulu, fundi wa mbao pale kituo cha Kawangware 56. Enzi za chama kimoja alichukuliwa akiwa kazini, randa mkononi, eti amesambaza karatasi za kuipinga serikali. Alirudi vidole havishiki hata kikombe. Majirani wakanong'ona kwamba alifungwa kwa wizi. Nafuna, kwa hofu, akanyamaza. Binti yao Joan akakua akijua babake alikuwa mwizi.

TULIYOYAFANYA
Tumewarekodi wazee wengi wakisimulia enzi hizo, lakini hatusahau siku Nafuna alipozungumza. Joan alikuwa ameketi nyuma.

"Mathe, mbona hukuniambia?"

"Ungesema shuleni. Wangerudi kumchukua."

Joan akatoka nje. Tulidhani ameenda zake. Kumbe alienda kunawa uso. Aliporudi alikaa kando ya mamake, akasema, "Anza tena mwanzo. Sasa nasikiza."

CHANGAMOTO
Bwana Kiragu alitaka kuiona risala hii kabla ya leo. "Hizi stori za zamani zitatuletea noma," alituambia. "Toeni huyo Wepukhulu. Ombeni tenki la maji."

Nafuna akamjibu, "Maji nayataka sana, Kiragu. Mitungi naibeba mimi. Lakini siyabadilishi na mume wangu."

Asubuhi yake tukakuta kufuli jipya mlangoni.

MAOMBI
Mgeni rasmi, tenki hatuombi leo. Tunaomba wanafunzi wako wamsikie Nafuna, nasi tuwasikie nyanya zao, hata wale wasiokubaliana nasi.

Bwana Kiragu, fungua ukumbi. Usipoufungua, Jumamosi tutakutana papa hapa, jua liwake au mvua inyeshe, na jina tutalitaja kwa sauti zaidi.

Daktari, Mungu akufikishe nyumbani salama, na wanaosema ukweli huko kwenu na huku kwetu asiwaache peke yao.

Ni sisi, Kikundi cha Kumbukumbu cha Lindi na Kawangware.

Imesomwa kwa niaba yetu na Joan, binti wa Wepukhulu, fundi wa mbao, ambaye hakuiba kitu.