Mwalimu Priska na Watoto wa Sauti Zote

Wasikilizaji wapendwa, leo punguzeni shughuli kidogo mkae nasi. Tunamkumbuka Priska Fabian, mwalimu wa chekechea wa Mkuu, Rombo. Mwalimu Priska amefariki dunia. Amezikwa Jumamosi, kihambani kwake, kati ya migomba na kahawa.

Mwalimu Priska aliwafundisha watoto wadogo kuimba. Si wenye sauti nzuri tu. Wote.

Alikuwapo mtoto mmoja, Lucky. Huyu aliimba kwa kunguruma, wimbo mzima haupandi wala haushuki. Krismasi ilipokaribia, mwalimu wa kwaya, Mzee Hosea, alisema, "Huyu asimame tu, achezeshe midomo. Atatuharibia wimbo."

"Haharibu, mzee wangu," Priska akajibu taratibu. "Bado hajaisikia sauti yake mwenyewe."

Akamketisha Lucky barazani. "Anza wewe, baba. Popote utakapoanzia, nakuja hapo hapo."

Lucky akanguruma. Priska akashuka, akaishika sauti ile ile, wakaenda pamoja. Kisha akapanda kidogo. Mtoto akafuata. Wakapotezana, wakarudi chini, wakaanza upya. Hivyo hivyo, wiki baada ya wiki. Krismasi ile Lucky aliimba na wenzake, na Mama Lucky alilia kanisani bila kujificha.

Mwaka juzi ugonjwa ulimshika Mwalimu Priska kooni. Alifanyiwa upasuaji. Sauti haikurudi, ilibaki pumzi tu. Mumewe, Mzee Valerian, anasimulia:

"Alirudi darasani. Watoto wakamtazama, wanasubiri awaanzishie. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Basi mmoja akaanza mwenyewe, wengine wakadaka. Yeye akageukia ubaoni, wasimwone machozi. Jioni nilimpikia mtori. Hakuugusa."

Hata hivyo aliendelea, akifundisha kwa mkono: juu, chini, juu tena. Miguu ilipokataa, watoto walimfuata nyumbani, wakaimba dirishani. Aliyeteleza katika wimbo alielekezwa kwa kidole, juu au chini, kisha akatabasamiwa.

"Sasa mtoto akipita barabarani anaimba, mimi nasimamisha jembe," anasema Mzee Valerian.

Mzee Valerian, wanao na wajukuu, poleni sana. Poleni na ninyi watoto wa Mkuu, mnaouliza bado mwalimu yuko wapi. Mwalimu Priska hatunaye tena.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Yuko mtoto nyumbani tuliyemwambia anyamaze, akanyamaza kweli? Tumwite leo. Tuketi naye, tumsikilize kwanza.