Banda la Magari ya Kale la Gwata

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Aliye jikoni asogee, aupunguze na moto, maana habari ya leo si ya kusikiliza nusunusu. Tunamkumbuka fundi Mwinyimadi Pazi wa Gwata, aliyefariki Idd mosi ya mwaka huu wa 1956, mvua ikinyesha.

Mwinyimadi alizaliwa Masaki, Kisarawe. Miaka ya ishirini alikuwa utingo wa lori, kisha akawa fundi. Magari yaliyotupwa na wenyewe aliyaomba, akayasukuma na wenzake mpaka Gwata. Magari mawili, lori moja, pikipiki tatu. Majirani wakaliita banda lake makumbusho, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa kujivunia.

Kila Idd watu walikuja kutazama, wengine kwa miguu kutoka Marui. Na kila Idd fundi aliwasha injini moja baada ya moja, asizime hata moja, mpaka zote ziungurume pamoja. Bila hilo, kwake haikuwa sikukuu.

Mkewe, Bi Mwamini, hakuipenda asubuhi ile. Mvua ya masika ilipiga ubavuni, maji yakafika kwenye viti vya ngozi. Mwinyimadi akafunga milango. Milango ilifungwa, wasikilizaji. Ndani mlikuwa na watu kumi na wawili, mbali na fundi mwenyewe.

"Baba Matano, fungua hata kidogo," Bi Mwamini alimwambia.

"Nimeyang'arisha mwezi mzima, mke wangu. Ikipungua nitafungua."

Haikupungua. Zikawaka pikipiki, likawaka gari la kwanza, likawaka la pili. Juu mabati yanapigwa na mvua, chini injini zinanguruma, mtu hamsikii hata aliye ubavuni mwake. Kichwa kikaanza kumgonga Bi Mwamini. Akamtazama wifi yake Tatu, dada wa fundi, naye kashika paji la uso, kichefuchefu kimemkaba. Wakachekana. Tumbo limefunga siku thelathini, leo limeshindiliwa pilau, litaacha kulalamika? Kila aliyeumwa alisingizia pilau. Moshi hakuna aliyeutaja. Ndivyo tulivyo, jamani.

Bi Mwamini akaona bora akajinyooshe barazani kwa jirani wa nyuma ya banda. Lakini akiaga, mumewe atanuna, maana lori bado halijawashwa. Akapita mlango mdogo wa nyuma, akaurudisha taratibu. Hakuaga.

Lori likawaka. Punde Tatu akaanguka, na hapo fundi akaelewa. Akafungua milango, hakungoja kuzima injini. Akawatoa watu, wengine kwa kuwabeba, akawalaza matopeni na nguo zao za sikukuu. Wote walipona. Tunarudia: wote walipona. Kisha akawahesabu. Walikuwa kumi na mmoja.

"Nilimshika kanzu," anasema Tatu. "Nikamwambia kaka, pumzika kwanza. Akaniambia, Mwamini yumo ndani."

Akarudi kwenye moshi. Alimwita mkewe kwa ukelele uliozishinda injini, wote waliokuwa nje walimsikia akimwita, mpaka sauti ikakoma. Walimkuta nyuma ya lori, amepiga magoti kama anayechungulia chini yake. Alikuwa amekwisha kata roho.

Bi Mwamini amekubali tuyaseme maneno yake kama alivyotuambia.

"Nilimsikia. Nilikuwa barazani, naye ananiita. Nikadhani anataka nije nione lori lake. Kichwa kinaniuma, nikanyamaza."

Bi Mwamini, Bi Tatu, na ukoo wote wa Pazi, Gwata na Masaki, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Mungu amrehemu fundi, ampe kauli thabiti. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mwenye injini asiiwashe milango ikiwa imefungwa, hata mvua iwe kubwa vipi. Hilo ni letu. Jingine ametuagiza mjane mwenyewe tulipokuwa tukiondoka kwake. Alisema kwa sauti ndogo, ameinamisha uso:

"Waambieni, mtu akiitwa, aitike."