Ufunguo wa Ardella Tunstall

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele nyumbani kwa dakika chache. Jumanne iliyopita, hapa Los Angeles, tulimpoteza Ardella Tunstall. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane. Magazeti makubwa hayakuandika neno. Basi tutasema sisi.

Bi Ardella alikuwa mwigizaji. Alicheza katika zile picha za sinema za uhalifu za miaka ya arobaini, zilizojaa vivuli, mvua na wapelelezi wenye kofia. Humo watu wetu weusi walifagia, walibeba mizigo, au waliimba kilabuni. Tena sehemu zao zilitengwa na hadithi kwa makusudi, ili wenye majumba ya sinema huko Kusini, ambako wazungu hawakutaka kutuona kwenye picha, wazikate kwa mkasi na hadithi isiharibike.

Narudia, ili wajukuu zangu na wenu wasikie: zilipigwa ili zikatwe.

Mama yake, Bi Verlene, alikuwa dobi katika mji mdogo wa Mississippi. Mara tatu alivaa kofia yake ya kanisani, akapanda roshani ya sinema walikokalishwa weusi, akaungoja uso wa bintiye. Mara tatu hakuuona. Bi Lurline, mdogo wake Ardella, anakumbuka jinsi majirani walivyomcheka mama yao: "Verlene, hebu sema ukweli. Mwanao anacheza picha, au anawafulia wachezaji?"

Mwaka 1947 Ardella alipewa nafasi ya mpokea makoti kilabuni. Maneno yake yalikuwa mawili: "Ndiyo, bwana." Katika hadithi, mpelelezi alipaswa kuuokota mwenyewe ufunguo wa chumba cha muuaji, ndani ya koti la muuaji huyo. Ardella akamwendea mwongozaji.

"Mzee, niache nimpe mimi huo ufunguo. Mkono kwa mkono."

"Ardella, usinitafutie balaa. Unajua watakukata."

"Wakate. Watabaki na mlango wasiojua umefunguliwaje."

Mwongozaji akacheka, akakubali. Ardella akamwandikia mama yake: safari hii nenda, hawawezi kuniondoa.

Bi Verlene akaenda, Jumamosi mchana, Lurline kando yake. Mpelelezi akaingia kilabuni. Picha ikaruka. Mara yuko mlangoni kwa muuaji, ufunguo mkononi. Walimkata hata hivyo.

Wazungu waliokaa viti vya chini wakaguna. Mmoja akauliza, "Ala, ufunguo kautoa wapi huyu?"

"Mama akasimama," anasimulia Bi Lurline. "Hakupaza sauti. Akasema, 'Kapewa na binti yangu.' Tukatolewa nje. Hakuruhusiwa tena kuingia mle. Februari akafa."

Alikufa bila kumwona mwanawe kwenye picha. Hata mara moja.

Ardella aliacha kuigiza mwaka huohuo wa msiba. Akawa karani wa posta kwa miaka thelathini, mnyoofu, asiyechelewa kazini. Hakuna aliyemsikia akilalamika. Hakuna pia aliyemwona tena akiingia jumba la sinema.

Bi Lurline, nanyi ukoo wote wa Tunstall, poleni sana. Mungu awape nguvu za kuubeba msiba huu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, picha hizo za zamani bado zinaonyeshwa. Mkimwona shujaa ameshika kitu ambacho hamkuona akikipata, msicheke. Jiulizeni ni nani aliyempa.