Folda ya Mbuke

Pale Soweto, Mbeya, ukuta wa mashine ya kusaga unapokinga upepo, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Nashoni huweka hapo jiko na birika lake la kahawa, na wanaokuja kunywa huwa hawaondoki. Jumamosi ile ya Machi, mvua ya alfajiri ikiwa imebaki manyunyu tu, walikuwapo wawili wa siku zote. Mmoja ni Shedrack, fundi wa ving'amuzi, ambaye hakuna aliyemwita Shedrack, alikuwa Dish. Wa pili ni Isakwisa, aliyegonga kengele ya shule miaka ishirini na mitano bila kufundisha hata kipindi kimoja, wakamtunuku jina la Profesa. Wa tatu ndiyo kwanza alikuwa anakuja, Antoni, waliyemwita Usangu kwa sababu alihamia mjini akitokea kwenye mpunga na ng'ombe huko Rujewa, bonde la Usangu. Alikuja amepakata kitu kilichofungwa kitenge.

— Mzee Usangu, unapeleka mtoto kliniki? Dish aliuliza.

— Kompyuta ya nyumbani hii, skrini nimeiacha, Antoni alijibu, akaketi na kuiweka magotini. Nimemwambia Mama Mbuke naipeleka kupulizwa vumbi.

— Na ukweli wenyewe?

— Kuna kitu humo nataka kifunguliwe.

Nashoni akammiminia kahawa, na Antoni akaeleza. Kompyuta ilikaa sebuleni, ya wote. Mkewe Veronika aliandikia ratiba za kwaya, kijana wao Fred alichezea gemu la mpira. Lakini ndani yake kulikuwa na folda moja iliyoandikwa MBUKE BINAFSI, nayo bila nywila haifunguki. Mbuke, binti yao mkubwa, alikuwa chuoni Iringa mwaka wa pili sasa.

— Si umpigie akupe nywila? Nashoni aliuliza.

Antoni alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

Ukweli ni kwamba Mbuke alipiga simu nyumbani kila Jumapili, ila alimpigia mama yake. Walikuwa wakicheka nusu saa, kisha mwisho kabisa: "Mwambie baba shikamoo." Salamu ile ilimfikia Antoni imekwisha poa, kama ugali wa mtu aliyechelewa kurudi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliwasha kompyuta akalitazama lile jina kwenye skrini. Alikuwa amejaribu majina ya ng'ombe wote wa Usangu, maana Mbuke ndiye aliyewabatiza alipokuwa mdogo. Mabaka, Sabuni, Bibi Harusi. Yote yalikataliwa.

— Nimemmiss tu mwanangu, alisema. Nikisoma kidogo nitajua anawaza nini.

— Hapo ni mchumba, mzee, Dish alisema. Binti akifunga folda, ndani kuna jamaa. Picha mia nne, amevaa miwani.

— Wewe unawaza miwani tu, Profesa alidakia. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa kata ya kompyuta ni nini? Ni mausi! Muulizeni mausi.

— Mausi ataulizwaje, Profesa?

— Kwa upole.

— Mimi nasikia, Nashoni alisema huku akipuliza mkaa, folda za namna hiyo siyo folda. Ni mlango. Unabofya hapa Soweto, unatokea kwenye kompyuta nyingine Iringa.

— Basi Mzee Usangu ndiyo apite humo! Profesa alisema. Aokoe nauli.

— Mnacheka. Faili zote huwa zinapanda juu, Dish alisema, sasa akasimama kabisa. Zinakaa hewani. Mkinipa dishi la futi sita, nikaligeuza lielekee Iringa, nikalikaza vizuri, maneno ya huyo binti tutayasoma kwenye TV ya saluni pale.

— Lakini folda kufungwa muda mrefu hivyo, Profesa alisema akishusha sauti, mimi naona mtoto anaandika kitabu cha ukoo. Kila mmoja wenu na makosa yake, na ukurasa wake. Haba na haba hujaza kibaba. Siku folda ikijaa, mtaitwa wote mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Wote walicheka, Antoni pia, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya cha wenzake. Dish aliona. Akaacha utani, akatoa flashi mfukoni.

— Basi tuseme kweli, mshua. Fremu yangu ya duka hiyo hapo ng'ambo, skrini ninayo. Humu nina kitu kinafungua kufuli za hivyo. Kahawa yako haitapoa. Na yeye hatajua.

— Hatajua kabisa?

— Utarudishia kama ulivyokuta.

Antoni akafunga kitenge upya, akainuka.

Wakati huo wote palikuwa na mwanamke aliyejibanza ukutani akikwepa manyunyu, na kiroba cha mchele miguuni. Jina lake Lusia, ametoka Rujewa asubuhi ile, anamsubiri dada yake aje kumpokea. Nashoni alikuwa amempa kikombe. Alikunywa kimya, akakirudisha, akasema:

— Samahanini, kaka zangu. Nilikuwa nauliza tu. Huyo binti alianza lini kufunga?

Dish alifungua mdomo.

— Si... watoto wa siku hizi...

Nashoni akayashughulikia makaa ambayo hayakuwa na shida. Wote watatu wakamgeukia Antoni.

Antoni aliijua siku yenyewe. Mbuke alikuwa kidato cha pili. Kaka zake Veronika walikuwa wamekuja, chakula kimeshaliwa, na Antoni akakuta kompyuta imeachwa wazi. Mtoto alikuwa ameandika kuhusu mvulana wa kanisani aitwaye Aroni, kwamba sauti yake ni kama mvua inayoanza mbali, upande wa pili wa mbuga. Antoni alisoma kwa sauti ya mahubiri, mbele ya wageni, na pale penye mvua akarudia mara mbili. Nyumba nzima iliangua kicheko. Mbuke hakulia. Alikusanya sahani moja moja, akazipeleka uani. Kesho yake lile jina, BINAFSI, likatokea kwenye skrini.

Siku zote Antoni alikuwa akisema binti yake amebadilika alipokwenda Iringa.

Hakuyasema haya pale benchini. Aliketi tena, akaishikilia kompyuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akapiga simu. Iliita sana.

— Baba? Shikamoo. Mama amepatwa na nini?

— Marahaba. Mama mzima. Wote wazima. Ni mimi tu.

Kulikuwa na sauti za malori yakipanda mlima huko Iringa. Alingoja yapite.

— Mbuke, ile siku ya wajomba zako. Nilivyosoma maneno yako.

— Siikumbuki, baba, Mbuke alisema. Kisha, baadaye kidogo: Naikumbuka.

— Nilikosea, mwanangu. Na leo nimebeba kompyuta nikafungue folda yako, nisome tena. Nipo nayo hapa mapajani.

— Umefungua?

— Hapana.

— Usifungue.

— Sifungui.

Dish alitaka kuuliza kulikoni, Profesa akamkanyaga mguu. Antoni alisubiri simu ikatwe. Haikukatwa.

— Huko mvua imenyesha? Mbuke aliuliza.

— Tangu alfajiri. Sasa ni manyunyu.

— Huku upepo tu.

— Bado huwa unaandika?

— Naandika.

— Kama siku moja utapenda kunisomea wewe mwenyewe...

Alimsikia akivuta pumzi.

— Bado, baba.

— Haya.

— Lakini uwe unanipigia. Siyo mama peke yake. Na wewe nipigie.

Antoni aliitikia kwa kichwa, mara mbili, mara tatu, akasahau kabisa kwamba aliyeko Iringa hawezi kumwona.