Nehemiah Amukoya na Pikipiki Isiyotoa Moshi

Jumapili njema, wasikilizaji wapendwa. Popote ulipo, Khwisero, Mukumu au Lugari, sogeza kiti karibu na redio. Leo sina furaha, na sitajifanya ninayo. Tunamkumbuka fundi Nehemiah Amukoya, aliyefariki Jumatano kwa malaria. Nehemiah Amukoya, fundi wa pikipiki wa hapa Kakamega mjini, yule wa nyuma ya soko.

Wengi mlimjua kwa sikio lake. Aliinamisha kichwa, akasikiliza injini, akasema, "Hii vali imebana." Ukifungua, kweli, imebana. Mkewe, Beldina, ameniambia, "Huyu mtu hata kanisani, pikipiki ikipita nje, anaachanga wimbo katikati." Tulicheka, halafu akalia.

Sasa nisikilizeni. Mwaka wa 1993, ndugu yake mkubwa, Chrispinus, alinunua pikipiki kutoka kwa mtafiti mmoja aliyemaliza kazi msituni Isecheno. Ilikuwa ndefu, matairi yana meno, pikipiki ya kupanda vilima na kukata matope. Chrispinus hununua mahindi Lugari, na barabara za kule mvua ikinyesha mnazijua wenyewe.

Injini yake ilikuwa ya mapigo manne. Sisi tulizoea zile za mapigo mawili. Unachanganya oili na petroli ndani ya tangi, na moshi wa buluu unakufuata mpaka nyumbani. Kwetu moshi ndio ulikuwa afya ya pikipiki! Hii haikutoa moshi hata kidogo. Watu wakamwambia Chrispinus, "Imekauka hiyo, mzee. Mafuta haifiki." Naye akaanza kumimina oili kwenye tangi.

Nehemiah alimwona akiimimina. Ilikuwa nyumbani kwa wakwe wa Chrispinus, siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari. Beldina anakumbuka: "Aliniambia polepole, oili ya hiyo inawekwanga chini, kwa injini. Kwa tangi ni petroli peke yake. Nikamuuliza, si umwambie? Akasema, mbele ya wakwe zake? Mkubwa hakosolewangi mbele ya wakwe."

Alitaka kumweleza pembeni, lakini alfajiri Chrispinus alikuwa ameshaondoka kwenda Lugari. Masizi yakajaa kwenye vali, vali ikaungua, na pikipiki ikazimika kule Lugari. Ikarudi Kakamega juu ya lori.

Kumbe wiki iliyotangulia Nehemiah ndiye aliyezirekebisha vali hizo. Basi Chrispinus akasimama katikati ya soko akafoka, "Wewe ndiye uliigusa mwisho! Umeniulia pikipiki!" Soko zima likasikia. Nehemiah alijibu tu, "Iache hapa, ndugu yangu." Wateja nao wakaanza kuhama. Kama ameharibu ya ndugu yake, walisema, yangu itakuwaje? Jina lake likaharibika hivyo hivyo, bure kabisa.

Nehemiah akaifungua injini. Akakwangua masizi, akaweka vali mpya, akaisaga mpaka ikaziba sawasawa. Kisha akangoja mwenyewe aje. Kila Jumamosi aliiwasha kidogo. Aliosha kichujio cha hewa, akaitia cheni grisi, na oili ikichafuka aliimwaga akaweka safi. Mdogo alingoja mkubwa aje kuichukua. Mkubwa naye alingoja mdogo aje kuomba msamaha. Wanaume wawili wa tumbo moja, mji mmoja, miaka mitatu. Jamani! Mniwie radhi, nakasirika nikilisema hili.

Alhamisi, siku moja baada ya kifo, Chrispinus alifika pale karakana. Amenieleza mwenyewe: "Nilitaka ikatae kuwaka. Ikikataa, basi ningekuwa na haki hata kidogo. Niliipiga teke moja tu, ikanguruma." Hapo ndipo Beldina alipomwambia habari ya oili na tangi. Mzee mzima aliketi chini kwenye vumbi, hakuna aliyeweza kumwinua.

Kwa Beldina na watoto, kwa Mama Khalayi aliyemzaa, na kwako pia Chrispinus, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwao Mukumu. Narudia, Jumamosi, Mukumu. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu unangoja yeye aje kwanza, tafadhali ondoka uende wewe. Nenda leo.

Chrispinus ameniomba niwasomee maneno haya. Mliosikia yale ya sokoni, sikieni na haya: "Mimi, Chrispinus Amukoya, nilimtukana ndugu yangu mbele ya watu. Pikipiki niliiharibu mimi. Nehemiah aliitengeneza."

Amesema nisome mara mbili, kama tunavyosoma matangazo ya vifo. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Pikipiki niliiharibu mimi. Nehemiah aliitengeneza.