Mama Picha wa Chumba cha Eksirei

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mama Picha, alizaliwa tarehe 9 Mei 1979, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Utotoni alikuwa mbishi, jamani! Akiambiwa kaa, anauliza kwa nini.

Alisoma shule za mtaani kwetu, kisha chuo cha afya. Mwaka 2002 aliajiriwa hospitali ya wilaya kupiga picha za eksirei.

Chumbani kwake mgonjwa aliingia peke yake. Mume akijitia kiherehere kumfuata mkewe mwenye mbavu zilizovunjika, dada alimwambia kwa upole, "Baba, mionzi hii inakula nguvu za kiume. Lakini karibu tu." Mtu mzima anarudi kinyumenyume! Mlango ukishafungwa, anamuuliza mama wa watu, "Nani kakupiga?" Wengi waliangua kilio. Aliwapitisha mlango wa nyuma hadi kwa ofisa ustawi wa jamii, na baadhi yao wako hapa leo.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2006, akajaliwa watoto wawili. Ya nyumbani kwake hakuwa msemaji.

Tulipoandaa wasifu huu, wajomba walitaka tuandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mama yetu akakataa katakata: "Mwanangu hakuugua. Semeni."

Basi tunasema. Februari mwaka huu alifikishwa hospitalini kwake, mkono umevunjika, mumewe kamshika bega. Wenzake walimpokea kwa heshima zote. "Karibu shemeji, ingia tu, wewe si mgeni." Wakamvalisha mume aproni ya kukinga mionzi, akae naye ndani.

"Umeanguka, dada?"

"Kaanguka bafuni," akajibu mume.

Dada akatazama ukuta. Wakamfunga plasta, wakamtania kwamba leo mpiga picha naye kapigwa picha, wakamruhusu aende nyumbani na mtu yuleyule. Inauma, inauma sana.

Alifariki tarehe 3 Machi kwa majeraha ya kichwa. Mumewe yuko mahabusu.

Ameacha mama mzazi, kaka, dada na watoto wawili. Jana binti yake alituuliza, "Kwani kazini kwa mama hakukuwa na mwingine wa kumuuliza mama?" Wenzake marehemu wa kazini walikuwepo, wakainamisha vichwa.

Lala, dada yetu. Mungu akupe amani uliyoikosa nyumbani kwako.